Picha za Paisa Moja

Ukishuka kituo cha metro cha Kalighat, kusini mwa Kolkata, huhitaji kuuliza njia ya kwenda hekaluni. Fuata watu tu. Asubuhi ile ya mwezi wa Agosti mvua ilikuwa imekatika kidogo, na kila mmoja alikuwa akikazana afike kabla haijarudi: akina mama wameshika pindo za sari zisiburute kwenye tope, wazee wameegemea wajukuu, vijana wamebeba makoja ya maua mekundu, sadaka ya mungu wa kike Kali. Kadiri njia inavyozidi kuwa nyembamba ndivyo maduka yanavyozidi kubanana. Peremende za maziwa, bangili nyeupe za kome, udi, nyuzi nyekundu za kufunga mkononi, na picha. Picha za Kali za kila ukubwa: za plastiki, za fremu zinazong'aa, za kubandika kwenye kioo cha gari. Zote zimepigwa chapa.

Mimi nilikuwa nimekuja kwa ajili ya picha za mkono, zile zilizouzwa kwenye vichochoro hivi hivi katika karne ya 19, ambazo leo hapa huzipati.

Nimekulia Mombasa, na picha za miungu ya Kihindu si ngeni machoni pangu. Ukiingia baadhi ya maduka ya Biashara Street na kuinua macho, utamwona Lakshmi juu ya yungiyungi, sarafu zikimiminika kiganjani mwake, na chini yake kijiti cha udi kinafuka. Zile ni picha za kalenda, na ukoo wake unarudi kwenye mitambo ya chapa iliyoenea India mwishoni mwa karne ya 19: Calcutta Art Studio iliyoanza mwaka 1878, kisha kiwanda cha mchoraji Ravi Varma kilichofunguliwa Bombay mwaka 1894. Ni picha zilizojaa. Zina mito, milima, anga la machweo, vito na mwanga nyuma ya kichwa. Basi siku nilipoiona picha ya Kalighat kwa mara ya kwanza, ndani ya kitabu, kilichonishtua ni utupu wake. Mungu yuko peke yake katikati ya karatasi nyeupe. Hana anga, hana ardhi, hana ukuta nyuma yake. Mistari michache minene imezungushwa bila kusita, basi. Tangu hapo nilitaka kujua ni akina nani waliochora vile, na ni nini kilichowafundisha kuacha karatasi wazi.

Hekalu tunaloliona leo lilijengwa mwaka 1809 mahali palipokuwa tayari pakiabudiwa, kando ya mfereji ambao zamani ulikuwa mkondo wa mto Ganga. Wahindu husimulia kwamba Sati, mke wa Shiva, alipokufa, mumewe aliubeba mwili wake akazunguka nao ulimwengu kwa majonzi, mpaka Vishnu akaukata vipande. Kila kipande kilipoanguka pakawa patakatifu, na hapa ndipo vilipoangukia vidole vya mguu wa kulia. Sikuingia chumba cha ndani. Si mahali pa mtu asiye wa ibada ile, na foleni ilikuwa ya watu waliotoka mbali na haja zao moyoni. Nilisimama uani na mwenyeji wangu, kijana wa chuo kikuu aliyekubali kuwa mkalimani wangu, akanieleza sanamu ilivyo: jiwe jeusi, macho matatu, ulimi mrefu wa dhahabu. Pembeni mwa hekalu, katika jengo lililokuwa nyumba ya kupumzikia mahujaji, ndimo Mama Teresa alimofungua makao ya wagonjwa mahututi mwaka 1952. Watu wanapita baina ya milango hiyo miwili siku nzima.

Niliposimama pale uani, huku nasukumwa kwa viwiko kutoka kila upande, nililielewa jambo ambalo vitabu havikuwa vimenifafanulia vya kutosha. Hakuna anayesimama hapa. Hujaji anasogea, anasali, anasogea tena, na akishatoka nje ana haraka ya kupata chombo cha kumrudisha kwao. Ukitaka kumuuzia kitu, lazima kiwe tayari, kiwe chepesi, na bei yake asiifikirie mara mbili.

Wachoraji waliokuja hapa, waitwao patua, walitoka Medinipur na wilaya nyingine za Bengal vijijini. Kazi yao ya asili ilikuwa ya kutembea. Patua alizunguka vijiji na karatasi ndefu zilizokunjwa kwa mzingo, akazifungua fremu moja baada ya nyingine huku akiimba kisa na kuonyesha kwa kidole, na wenyeji wakamlipa mchele au sarafu. Kolkata ilipokua na kuwa makao makuu ya utawala wa Waingereza nchini India, na hekalu la Kalighat likawa linavuta umati usiokauka, baadhi yao wakahamia mjini. Lakini mjini nani atakaa asikilize wimbo wa fremu ishirini? Kisa kizima ikabidi kibanwe katika sura moja tu. Durga anamuua jini nyati. Hanuman anajipasua kifua kuonyesha Rama na Sita waliomo moyoni mwake. Krishna na filimbi. Kali mwenyewe, ulimi nje.

Karatasi nayo ikabadilika. Ilikuwepo sasa karatasi nyepesi ya kiwandani, na rangi za maji zilizotoka Uingereza zikauzwa sokoni kwa bei nafuu. Kijijini patua alizoea rangi nzito inayofunika. Hii mpya ilikuwa nyepesi, inapitisha mwanga, na inakauka upesi. Kazi ikagawanywa nyumbani: mmoja anachora mzunguko wa mwili, mwingine anajaza rangi ya ngozi, mwingine ya nguo, akina mama na watoto wanasaga na kuchanganya, na wa mwisho anamalizia kwa mistari ya masizi. Mandhari ya nyuma yakaachwa. Kuyachora kungekula muda na rangi, na picha yenyewe inauzwa kwa sarafu ndogo, paisa moja au mbili. Utupu ulionishtua ndani ya kitabu ulianzia hapo, kwenye hesabu ya familia inayotafuta riziki ya siku. Na nasema bila kusitasita kwamba uhaba ule uliwapa sanaa iliyo kali kuliko chochote kilichopigwa chapa baada yao. Mkono usio na nafasi ya kurudia hujifunza kutokosea.

Mtaa wao bado upo, hatua chache kutoka hekaluni. Unaitwa Patuapara hadi leo, ila wanaofanya kazi humo sasa ni wafinyanzi wa sanamu. Mwezi wa Agosti wamezama kazini kwa sababu sikukuu ya Durga inakaribia. Karakana ziko wazi barabarani, zimefunikwa kwa turubai. Kwanza mwili unaundwa kwa majani makavu ya mpunga yaliyofungwa kwa kamba kwenye mianzi, kisha unakandikwa udongo wa mtoni, tabaka juu ya tabaka. Nilimtazama mzee mmoja akilainisha mkono wa Durga, mmoja kati ya mikono kumi, kwa kitambaa kilicholowa. Alianzia begani akashuka mpaka kifundoni kwa mkokoto mmoja, na popote kitambaa kilipopita pakabaki mviringo laini usio na kovu. Akarudia mkono wa pili. Hakuinua uso hata mara moja.

Mkokoto ule nilikutana nao tena Joka, pembezoni mwa jiji, kwenye makumbusho yenye mkusanyo wa Gurusaday Dutt. Huyu alikuwa Mbengali mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliyefariki mwaka 1941, na katika vituo vyake vya kazi alikusanya kazi za mikono za watu wa kawaida wakati wasomi wenzake walikuwa wanaziona takataka. Miongoni mwa vitu vyake zimo picha za Kalighat. Nilikaa kwa muda mrefu mbele ya moja, Parvati akiwa amempakata mwanawe Ganesha. Karatasi imegeuka rangi ya chai na pembe zimeliwa. Bega la mama limechorwa kwa mkupuo mmoja wa brashi, unaoanza mzito karibu na shingo, unanenepa kwenye duara la bega, kisha unakonda hadi kwenye kiwiko. Ndani ya mstari, rangi ya ngozi imekolea ukingoni na kufifia kuelekea katikati, na kwa hila hiyo peke yake mkono unaviringika na kujitokeza. Brashi ilichovywa rangi upande mmoja na maji upande wa pili, ikapita mara moja. Bangili na mkufu vilipakwa rangi ya fedha iliyotengenezwa kwa bati. Sasa imefifia, lakini ukiinama kidogo bado inameta. Mkonga wa Ganesha unapanda kifuani kwa mama yake. Macho ya Parvati ni marefu, yanakaribia masikio, na hayamtazami mtazamaji. Yanamtazama mtoto.

Kuhusu kivuli hicho cha ukingoni wataalamu wamezozana sana. W. G. Archer, aliyekuwa mtunzaji wa mkusanyo wa India katika makumbusho ya Victoria and Albert ya London, aliandika mwaka 1953 kwamba patua walikipata kwa kuiga michoro ya Waingereza. Wengine, hasa wataalamu wa India, wakajibu kwamba watu hawa walikuwa jirani na jamaa wa wafinyanzi na walipaka rangi sanamu za udongo, hivyo mviringo wa mwili waliujua kwa viganja vyao. Mimi niliyetoka kumwona mzee wa Patuapara na kitambaa chake, nipo upande wa udongo.

Miungu haikuwa peke yake kwenye vibanda vile. Wanunuzi wa Kiislamu nao walikuwepo mjini, na yupo katika picha hizo farasi wa Imamu Husein wa Karbala, ambaye Wabengali humwita Duldul, mishale imemjaa mwilini. Yupo paka mwenye alama ya mcha Mungu kwenye paji la uso na kamba aliyemnasa mdomoni, na kila Mbengali alielewa kuwa anayesemwa ni mtawa wa uongo. Wapo mabwana vijana wa Kolkata, nywele zimepakwa mafuta, viatu vya Kizungu, wanavuta hukka na kuponda mali za baba zao. Na kuna kesi ya Tarakeshwar. Mwaka 1873 karani mmoja, Nabin, alimkata shingo mkewe Elokeshi, binti wa miaka 16, kwa kisu cha samaki, baada ya kusikia habari zake na mkuu wa hekalu la Shiva la Tarakeshwar. Mji mzima ulifuatilia mahakama, na patua wakaichora kesi hatua kwa hatua: mkuu wa hekalu anampa msichana kinywaji, mume ameinua kisu, mkuu wa hekalu yuko gerezani anasukuma kinu cha mafuta. Nabin alihurumiwa na umma akaachiwa mwaka 1875. Nilipozitazama nakala za picha hizo sikuweza kumtoa akilini msichana yule, ambaye kila mtu mjini alikuwa na la kusema juu yake, na ambaye kwenye fremu moja baada ya nyingine mkono uleule hodari uliomchora Parvati umemchora akiuawa.

Kazi hii ilikufa kwa kupigwa na silaha yake yenyewe, bei. Mashine za chapa za Kolkata, na za Ujerumani zilizoleta picha za kumeta kwa meli, ziliweza kushuka chini kuliko paisa ya patua. Kufikia miaka ya 1930 vibanda vya picha za mkono vilikuwa vimekwisha. Na kwa kuwa Mhindu mkulima aliinunua picha yake aitundike ukutani jikoni, moshi, unyevu na wadudu walizimaliza nyingi ndani ya miaka michache. Nyingi ya zilizosalimika ni zile zilizobebwa na wageni. Makumbusho ya Victoria and Albert yana 645, mkusanyo mkubwa kuliko wote duniani, na 233 kati yake zilikusanywa na John Lockwood Kipling, aliyekuwa mwalimu wa sanaa Bombay na Lahore. Mwanawe, mwandishi Rudyard Kipling, alizitoa zawadi kwa makumbusho hayo mwaka 1917. Inaniuma kwamba Mbengali anayetaka kuona kazi ya babu zake kwa wingi inambidi aombe viza. Lakini huwezi pia kusema kwamba nyumbani hazikuacha mbegu. Jamini Roy, aliyezaliwa 1887 katika wilaya ya Bankura na kufunzwa uchoraji wa Kizungu, alizigeukia picha hizi miaka ya 1920, akaacha rangi za mafuta, akachukua mstari ule mnene. Tena alisisitiza kuuza kazi zake kwa bei ambayo watu wa kawaida wangeimudu. Na kwenye wilaya ya Birbhum, Kalam Patua, mtu wa posta, alijifundisha mtindo wa Kalighat upya na kuchora kwa mstari huo maisha ya watu wa leo.

Ukoo wa patua wenyewe uko wapi? Swali hilo lilinipandisha treni Howrah, njia ya Kharagpur, nikashuka Balichak na kuchukua tuktuk. Mvua ya Agosti ilikuwa imegeuza kila kitu kijani, mashamba ya mpunga yamejaa maji hadi kwenye kingo za barabara. Kijiji cha Naya, Paschim Medinipur, utakijua kwa kuta zake: samaki, tembo, ndege na miti imechorwa kwenye nyumba za udongo. Hapa mamia ya watu wanaishi kwa uchoraji, na karibu wote wana jina moja la ukoo, Chitrakar. Kila Novemba, tangu 2010, wanafanya tamasha lao, Pot Maya, na wageni hujaa uani kwao.

Karibu wote pia ni Waislamu. Nilikuwa nimesoma hivyo, lakini kusoma si kuona. Mlangoni mwa nyumba ya kwanza nilitoa salamu, "Assalamu alaykum," na mama wa makamo aliyekuwa amechutama kwenye mkeka akaitika kikamilifu, akavuta ushungi, kisha akarudi kwenye kazi iliyokuwa mbele yake: Durga, mikono kumi, simba na jini. Watoto wao hutahiriwa, ndoa zao ni za nikaha, maiti zao huzikwa. Na kwa vizazi wamewachorea Wahindu miungu yao na kuwaimbia visa vya miungu hiyo, kama wanavyowaimbia Waislamu visa vya mawalii, akiwemo Gazi anayepanda chui milia. Siku hizi wanaimba pia ya tsunami ya 2004 na ya maradhi.

Nilimuuliza kama hakuna wanaomlaumu.

"Wapo, mwanangu," alisema, na kijana wangu akanitafsiria. "Huku wanatuuliza kwa nini tunachora sanamu, na kule wanatuuliza kwa nini tunakwenda msikitini. Mume wangu yuko msikitini sasa hivi. Hii ni kazi ya baba yangu, na ya baba yake. Nikiiacha, watakuja kunilisha hao?"

Mbele yake vilipangwa vifuu vya nazi, kila kimoja na rangi yake, na karibu zote nilizijua. Manjano. Mzingefuri, uleule ambao watoto wa Unguja hujipaka midomoni. Masizi ya taa. Tambuu iliyotafunwa na chokaa, inayotoa wekundu wa kutu. Kijani kilikamuliwa kutoka majani ya mmea wa jamii ya maharagwe uliokuwa umetambaa juu ya paa lake, na buluu ilitoka kwenye ua dogo la ukutani. Vyote vinashikizwa kwa gundi ya tunda la bel, isiyokubali rangi ibanduke karatasi inapokunjwa.

Nikamwomba anichoree picha ya Kalighat. Hakuuliza ipi. Alichukua karatasi, akaipasha kidogo juu ya jiko kwa sababu unyevu wa masika yao huifanya rangi itambae, akaweka nukta mbili za penseli na hakuitumia tena. Brashi ilikuwa ya manyoya ya mkia wa kindi. Akavuta pumzi, na bega likatokea: zito shingoni, nene kwenye duara, jembamba kiwikoni. Nikajikuta nimesogea mbele mpaka kijana akanigusa nisimzibie mwanga. Likafuata la pili, halafu duara la uso, halafu ulimi, na hapo ndipo nilipojua kuwa ni Kali. Chai niliyoletewa ilikuwa bado ya moto alipoanza kujaza weusi wa mwili, na kila alipofika ukingoni aligeuza brashi upande wenye maji. Binti yake, mwanafunzi wa sekondari bado na sare ya shule, alikaa pembeni akapaka makoja na bangili bila kuambiwa cha kufanya. Nyuma ya Kali waliacha karatasi tupu.

Nilimuuliza nani alimfundisha kuiacha hivyo. Akanitazama kwa mshangao.

"Ukijaza, utamwonaje?"

Bei aliyonitajia ilikuwa ya haki, na sikumwomba apunguze. Alipokuwa akiiviringisha picha ndani ya gazeti alinieleza kuwa nimebahatika kumkuta. Wiki ijayo yeye, mumewe, binti na shemeji zake wawili wanakwenda Kolkata. Kamati moja ya mtaa imewapa kazi ya kupamba banda la sikukuu ya Durga, sikukuu ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2021 na ambayo mitaa ya jiji hushindana kuipamba. Watalala palepale kwenye eneo la kazi mpaka wamalize. Alitoa simu akanionyesha banda la mwaka uliopita: ukuta mzima wa turubai na mianzi, Hanuman mwenye urefu wa ghorofa mbili amejipasua kifua, na chini yake watu wadogo wadogo wameinua simu zao kumpiga picha. Malipo, alisema, huja kwa kuchelewa, na safari hii amedai nusu kabla ya kupanda treni. Kisha akamwita shemeji yake aliyekuwa nyumba ya pili, kwa sababu walikuwa hawajakubaliana ni madebe mangapi ya masizi wabebe.